Ukuaji si Kuongezeka Ukubwa Tu

Mwalimu mwanafunzi mmoja alikuwa akifundisha somo la ukuaji katika mazoezi yake ya kufundisha, nasi tuliketi nyuma ya darasa tukimsikiliza. Aliandika ubaoni kwa mwandiko safi: "Ukuaji ni kuongezeka ukubwa." Wanafunzi wakanakili. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, unga wa maandazi ukitiwa hamira huongezeka ukubwa. Je, nao unakua?" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, akamwambia akae, akaendelea na somo.

Swali lile halikustahili kuchekwa. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na lilionyesha kwamba maelezo ya ubaoni yalikuwa na kasoro. Hatumlaumu kijana yule peke yake, kwa maana wengi wetu tulifundishwa vivyo hivyo, tukafundisha vivyo hivyo. Lakini umefika wakati wa kujiuliza: mwalimu wa shule ya msingi anapaswa kujua nini juu ya namna mwili unavyojijenga, hata asimpotoshe mtoto, na hata asimdhulumu? Tumetumia neno hili la kudhulumu kwa makusudi, nasi tutaonyesha sababu yake.

Tuanze na yai la kuku. Yai lililoatamiwa halinenepi hata kidogo. Ukilipima kwa mizani siku hadi siku utaona kwamba uzito wake unapungua, kwa kuwa maji hutoka kupitia vitundu vya ganda. Hata hivyo, siku ya 21 hutoka kifaranga mwenye macho, mdomo, manyoya na moyo unaopiga. Mtazameni pia kiluwiluwi. Anapogeuka kuwa chura, mkia wake haukui, bali huyeyuka na kutoweka. Basi, katika maisha ya kiumbe, kupungua na kuondoa ni sehemu ya kazi sawa na kuongeza. Jambo kubwa katika ukuaji ni mpango: kitu gani kitengenezwe, mahali gani, kwa kiasi gani na wakati gani.

Mpango huo unatunzwa wapi? Mwili umejengwa kwa seli, na karibu kila seli ina kiini ambacho ndani yake mna maagizo ya urithi, yaani DNA. Fungu moja la maagizo hayo huitwa jeni. Binadamu anazo jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Protini ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi za mwili: hukaza misuli, husaga chakula, hubeba oksijeni, hupigana na maradhi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba seli ya ini ina maagizo ya ini tu, na seli ya misuli ina maagizo ya misuli tu. Sivyo. Mwaka 1962 mtaalamu John Gurdon, wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa chura wa Afrika mwenye kucha. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia katika yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Mengi ya mayai hayo yaliharibika, lakini baadhi yalikua yakawa viluwiluwi vizima, na hatimaye vyura waliokomaa. Kiini cha seli ya utumbo kilikuwa bado na maagizo ya kumjenga chura mzima, macho na miguu yote. Kwa kazi hiyo Gurdon alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani.

Basi tofauti ya ini na misuli haimo katika maagizo yaliyotunzwa. Imo katika maagizo yanayosomwa. Mfano ulio karibu nasi ni huu. Fikirini shule nyingi, na katika kabati la mwalimu mkuu wa kila shule mna kitabu kikubwa kilekile, ambacho ni mwiko kukitoa ofisini. Mwalimu anayehitaji somo huingia, hufungua ukurasa anaouhitaji, hunakili, kisha huandika ubaoni. Wanafunzi hufanya kazi kwa kuufuata ubao. Kazi ikiisha, ubao hufutwa. Shule moja husoma kurasa za useremala, nyingine za ufinyanzi, ingawa kitabu ni kimoja. Zipo pia kurasa ambazo shule zote huzisoma, kwa mfano zile za kuwasha moto wa jikoni, kwani kila seli lazima ipate nguvu za kuishi.

Katika seli, kitabu ni DNA. Nakala ya ukurasa ni RNA, nayo hutoka kwenye kiini kwenda kwenye vyombo vidogo viitwavyo ribosomu. Huko nakala husomwa herufi tatu tatu, na kila herufi tatu hutaja asidi amino moja kati ya aina 20, au hutoa amri ya kukoma. Asidi amino huunganishwa moja baada ya moja kama shanga katika uzi, na uzi huo hujikunja ukawa protini. Nakala haidumu, baada ya muda huvunjwa, ili kazi isiendelee pale isipohitajika tena.

Lakini kila mfano una mwisho wake, na mwalimu mwaminifu husema mwisho huo ulipo. Katika seli hakuna mwalimu mkuu. Hakuna anayeketi na kutoa amri. Protini zenyewe ndizo zinazokaa juu ya DNA na kuruhusu ukurasa usomwe au kuuzuia, na protini hizo nazo zilitengenezwa kutokana na kurasa nyingine. Aidha, seli hupokea ishara kutoka kwa seli jirani, na kutoka mbali kupitia damu. Ndiyo maana mwili unaweza kujipanga bila ya msimamizi mmoja.

Sasa tutazame tishu moja, damu, kwa kuwa ndani yake mpango huu unaonekana wazi, na kwa kuwa unahusu watoto walioketi mbele yetu kila siku. Seli nyekundu ya damu imejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta, na kila mnyororo umeshika kipande kidogo chenye madini ya chuma, kiitwacho hemu. Jeni za alfa na jeni za beta zimo katika kromosomu mbalimbali, lakini lazima zisomwe kwa kulingana. Minyororo ya aina moja ikizidi, hugandamana na kuidhuru seli. Hemu nayo ikipungua, seli hupunguza mwendo wa kuunganisha minyororo, isije ikatengeneza mikebe isiyo na cha kutia ndani. Hapo mwalimu ataona kwa nini mtoto aliyekosa madini ya chuma hudhoofu, ingawa maagizo yake hayana dosari. Fundi anao mchoro, lakini hana misumari.

Tena kuna jambo la ajabu. Seli nyekundu inapokaribia kukomaa hukitoa nje kiini chake chote. Kwa lugha ya mfano wetu, shule inakitupa kitabu. Hata hivyo, kwa siku moja au mbili hivi huendelea kutengeneza hemoglobini kwa kutumia nakala zilizoandikwa mapema na kuhifadhiwa. Kisha huishi siku zipatazo 120 bila ya maagizo mapya. Ndiyo sababu tulisema "karibu kila seli", wala hatukusema "kila seli". Tunawashauri walimu wanafunzi wazoee uangalifu huo wa maneno.

Damu haitengenezwi mahali pamoja maisha yote. Mwanzo kabisa hutengenezwa katika kifuko kidogo kilicho nje ya mwili wa kiinitete, baadaye kazi huhamia katika ini, na mwishowe katika uboho wa mifupa. Hemoglobini nayo hubadilika kwa zamu. Mtoto aliye tumboni hatumii minyororo ya beta kwa wingi. Hutumia minyororo ya gama, na hemoglobini yake hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, hata ikaweza kuipokea kutoka damu ya mama. Karibu na wakati wa kuzaliwa ukurasa wa gama huanza kufungwa, na ule wa beta hufunguliwa zaidi. Katika miezi kama sita hivi baada ya kuzaliwa, hemoglobini ya utotoni huwa imepungua sana.

Zamu hii ndiyo inayotueleza fumbo ambalo limevunja nyumba nyingi. Mama huzaa mtoto mwenye afya, mnene, mchangamfu. Miezi inapita, kisha vidole vya mtoto huvimba, hulia usiku kucha kwa maumivu, macho hugeuka manjano. Majirani huulizana nani alimtazama kwa jicho baya. Mume husema kwamba kwao hapana ugonjwa wa namna hiyo. Kumbe mtoto alizaliwa na selimundu, ambayo wengine huiita sikoseli. Kasoro imo katika jeni ya beta. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha, huko Cambridge, kwamba hemoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu. Katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ile ya sita imebadilika. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hiyo hugandamana, seli hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Badala ya siku 120, seli hizo huishi siku 10 hadi 20 hivi. Katika miezi ya kwanza mtoto alikuwa akilindwa na hemoglobini ya gama. Ukurasa wenye kosa ulikuwapo tangu mwanzo, ila zamu yake ya kusomwa ilikuwa haijafika.

Wala si kosa la mzazi mmoja. Mtoto mwenye selimundu yenyewe amepokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, ambao mara nyingi wote wawili ni wazima kabisa. Wazazi wenye jeni hiyo mojamoja wanapopata mtoto, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta ugonjwa. Wala jeni hiyo haikuenea kwetu kwa laana. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Pale palipo na malaria nyingi, jeni hiyo iliwaokoa wengi, na ndiyo maana imedumu.

Sasa tunarudi kwenye neno letu, kudhulumu. Mtoto huyu hufika shuleni. Asubuhi ya baridi anashindwa kukimbia mchakamchaka, anaitwa mvivu. Anaomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara, anaambiwa anakwepa somo, ilhali figo zake hushindwa kuhifadhi maji vizuri. Anakosa shule juma zima, anarudi na kuchapwa kwa utoro. Mwalimu aliyefundisha kwamba ukuaji ni kuongezeka ukubwa atamwona mtoto mdogo kuliko wenzake, akasema tu kwamba hali vizuri au kwamba ukoo wao ndivyo ulivyo. Kutojua kwa mwalimu hakuishii ubaoni. Humfikia mtoto mwilini.

Mwalimu si daktari, na hatumtaki ajifanye daktari. Lakini anaweza kumruhusu mtoto huyo kunywa maji kila anapohitaji, kumwepusha na baridi na mbio za kuchosha, kumpa nafasi ya kufidia masomo, na kumwita mzazi bila kukawia aonapo homa, maumivu makali, kupumua kwa shida au weupe wa ghafla wa macho na viganja. Anaweza pia kuwaambia wazazi kwamba zipo tiba. Dawa ya haidroksiurea huwasaidia wagonjwa wengi kwa kuongeza hemoglobini ile ya utotoni. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo hubadilisha seli za mgonjwa mwenyewe ili ukurasa wa gama usomwe tena. Tiba hiyo ni ghali mno na haijawa karibu na watu wetu wengi, lakini msingi wake ni huuhuu tunaouzungumzia: kujua ukurasa gani unafunguliwa, na lini.

Tunajua watakaosema kwamba mambo haya ni ya sekondari au ya chuo kikuu, na kwamba mtoto wa shule ya msingi hana haja ya kusikia habari za RNA. Nasi hatusemi aambiwe. Tunasema mwalimu wake ajue. Kisima hakitoi maji ya kina ambacho hakikuchimbwa. Mwalimu anayejua zaidi ya kitabu ataweza kusema kidogo bila kukosea, na ataweza kulipokea swali la maandazi kwa furaha badala ya kicheko. Ni heri kumpa mtoto ukweli mdogo ambao atauendeleza baadaye kuliko uongo mwepesi ambao mwalimu wa sekondari atalazimika kuung'oa.

Tunapendekeza somo ambalo halihitaji fedha. Mwalimu aandae karatasi moja yenye mistari sita, kila mstari ukitaja mbegu kwa mpangilio wake: mahindi, kunde, choroko, maharage, na kadhalika. Anakili karatasi hiyohiyo kwa kila kundi, aitie ndani ya bahasha, na kila bahasha iwe na mistari iliyofunikwa kwa vipande vya karatasi, isipokuwa mmoja. Kundi la "misuli" liachiwe wazi mstari wa pili, kundi la "ini" mstari wa nne, kundi la "damu" mstari wa tano. Mjumbe mmoja wa kila kundi aende kwenye bahasha, anakili mstari ulio wazi, arudi. Wenzake wapange mbegu mezani kwa kufuata nakala, kisha waichane nakala. Makundi yatembeleane, yaone mistari tofauti ya mbegu. Ndipo vifuniko vyote viondolewe, watoto wagundue wenyewe kwamba kila bahasha ilikuwa na maandishi yaleyale. Tumeona nyuso za watoto wakati huo, nasi twajua hapana maelezo ya ubaoni yanayoweza kuleta mshangao wa namna ile.

Siku ya pili mwalimu apige kengele katikati ya kazi. Kundi la "damu" lifunike mstari wa tano na kufungua wa sita. Hiyo ndiyo zamu. Kisha abadilishe neno moja katika mstari wa sita, watoto waone kwamba kosa halikuonekana mpaka mstari huo ulipofunguliwa. Mwishowe alinyime kundi moja choroko. Maagizo yapo, wafanyakazi wapo, lakini kazi inasimama hapo. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa ribosomu inapokosa asidi amino moja. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na maharage yanayo kwa wingi. Ndiyo sababu ugali kwa maharage unashinda ugali peke yake. Somo la ukuaji na somo la lishe hapo yamekutana, na watoto wataona kwamba mama zao walikuwa na busara.

Pale palipo na kuku anayeatamia, watoto wapime yai kila baada ya siku tatu na kuandika uzito wake. Baada ya siku tano hivi walimulike kwa tochi mahali penye giza, waone mishipa ya damu iliyotanda ndani. Waachwe waulize. Mwalimu asiharakishe kujibu. Aulize naye: kilichotengeneza mishipa hiyo kilitoka wapi, ikiwa yai halikulishwa kitu?

Na yule msichana wa maandazi angejibiwaje? Tungemwambia kwamba swali lake ni zuri. Hamira ni kiumbe hai, na hewa inayoitoa ndiyo inayoliumua donge. Lakini donge haligawi kazi: upande huu hauwi mguu wala upande ule hauwi jicho. Kiumbe hai hukua kwa kusoma maagizo yake kwa mpango na kwa zamu, huku kikihitaji chakula cha kuyatimiza. Kisha tungelitaka darasa lifute yale maneno waliyoyanakili, na tungeyafuta sisi kwanza ubaoni.

Ndugu zetu mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mtakapoandika andalio la somo hili, tafadhali acheni nafasi mbili: moja ya swali ambalo hamkulitarajia, na nyingine ya mtoto aliyechelewa mchakamchaka.